“Ameanguka Kitandani”: Kulinganisha Kisa na Jeraha la Kichwa cha Mtoto Mchanga

Juma lililopita nilikuwa katika shughuli ya arubaini ya mtoto wa jamaa yangu hapa Lamu. Wanawake tulikuwa tumekaa kwenye mikeka, kahawa na kashata zikipita, na mazungumzo yakamfikia msichana mmoja wa kazi wa mtaa wa pili, ambaye mtoto aliyekuwa akimlea ameumia kichwa. Msichana alisema mtoto alimponyoka mikononi alipokuwa akimwogesha. Bibi mmoja ninayemheshimu sana akasema, “Lisemwalo lipo,” mwenziwe akamalizia, “na kama halipo laja,” na hukumu ikawa imekwisha kupita, kabla ya yeyote kati yetu kujua daktari ameona nini. Nilisema maneno machache, lakini jambo lenyewe halielezeki baina ya kikombe kimoja cha kahawa na kingine. Mimi ni muuguzi wa watoto, nimeifanya kazi hii miaka 14, na nimeona watu wema wakikosea kwa pande zote mbili: wakimtia hatiani asiye na kosa, na wakimrudisha mtoto katika mikono ile ile iliyomuumiza. Kosa la pili nimelifanya mimi mwenyewe, na nitalieleza. Visa vyote nitakavyovitaja nimeviondolea alama za kuwatambulisha wenyewe.

Neno ninalolisikia mara nyingi zaidi kutoka kwa mtu aliyempakata mtoto aliyeumia kichwa ni hili: “Sista, ameanguka kitandani.” Mara nyingi ni kweli tupu. Watoto huanguka, na mzazi aliyelea watano bila hata mmoja kuanguka ni nadra. Lakini hilo pia ndilo neno la mtu ambaye hana la kusema, kwa sababu ni jepesi, linakubalika na halihitaji shahidi. Kwa hiyo hatuwezi kuliamini kwa sababu tu msemaji analia, wala kulikataa kwa sababu tu msemaji ni yaya, au baba wa kambo, au mpangaji asiye na ukoo mjini. Tunachoweza ni kukiweka kisa upande mmoja na mwili wa mtoto upande mwingine, kisha kutazama kama vinakubaliana.

Nianze na kisa kilichokubaliana. Mtoto wa miezi 7 aliletwa na mama yake, msichana wa miaka 19, akiwa na uvimbe mwororo upande wa kulia wa kichwa, juu ya sikio, uvimbe ambao ukiugusa unahisi kama tunda lililoiva kupita kiasi. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye samadari ya bibi yake, kitanda kirefu cha zamani ambacho mtu mzima hukipanda kwa kigoda, akaangukia sakafu ya chokaa. Eksirei ilionyesha ufa mmoja ulionyooka katika mfupa wa ubavu wa fuvu. Waliposikia kwamba fuvu limepasuka, jamaa za mume walianza kumtazama yule binti kwa jicho jingine, na shangazi mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama kitanda kweli kinaweza kuvunja kichwa cha mtoto.

Nilimpa yule mama kanga iliyokunjwa nikamwomba anionyeshe. Aliilaza kanga kitandani, akaonyesha mto ulikuwa wapi, akaonyesha mahali alipokuwa amesimama yeye akikunja nguo, akasema alisikia kishindo kisha kilio papo hapo. Kesho yake daktari alimuuliza tena, mbele ya mtu mwingine, na kisa kilikuwa kile kile, pamoja na mambo madogo yasiyomsaidia, kwa mfano kwamba alikuwa ameambiwa asimlaze mtoto pale. Mtoto wa miezi 7 anajua kubingirika. Alilia mara moja, akatapika mara moja tu, akanyonya, na macho yake yalikuwa yakimfuata mama chumbani. Mwilini hakuwa na alama nyingine yoyote. Ufa mmoja ulionyooka, katika mfupa mmoja, chini ya uvimbe mmoja, ni jeraha ambalo kuanguka kwa kimo kile kunaweza kulileta, na daktari aliwaeleza jamaa hivyo bila kumung’unya maneno. Binti alirudi kwao na mwanawe baada ya siku 2.

Hapa inafaa kusema yale ambayo tafiti zimeonyesha kuhusu kuanguka kwa kimo kifupi, kwa sababu watu wengi huyachukulia kwa kupindukia, ama kwa hofu ama kwa kupuuza. Mwaka 1993 madaktari wa Australia waliandika kuhusu watoto 207 walioanguka kutoka vitandani wakiwa hospitalini, ambapo kimo kilijulikana na tukio liliandikwa papo hapo: walioumia sana kuliko wengine walikuwa wawili tu, mmoja alipata ufa wa kawaida wa fuvu na mwingine alivunjika mtulinga, na hakuna aliyepata jeraha la kuhatarisha maisha. Mwaka 2008 daktari wa Marekani, David Chadwick, na wenzake walikusanya takwimu zilizokuwapo na kukadiria kuwa kifo cha mtoto mdogo kutokana na kuanguka kwa kimo kifupi hutokea kwa chini ya mtoto mmoja kati ya milioni moja kwa mwaka. Maana yake si kwamba hakitokei. Hutokea, hasa pale mshipa wa ateri unaopita ndani ya fuvu unapopasuka na damu kujikusanya baina ya mfupa na utando mgumu wa ubongo, na mtoto wa namna hiyo anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa kisha akazidiwa ghafla. Ndiyo maana tunawaambia wazazi wamrudishe mbio mtoto aliyeanguka akianza kutapika mfululizo, akilala usingizi usio wa kawaida, akishikwa na kifafa, au utosi wake ukivimba ilhali halii.

Tena kuna ngazi zetu. Nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, zina ngazi nyembamba, zilizosimama wima, na za giza hata mchana. Mtoto anayebingirika ngazini peke yake huumia kidogo kuliko tunavyodhani, kwa kuwa huanguka kidato kimoja baada ya kingine. Anayeumia zaidi ni mchanga aliyebebwa na mtu mzima akateleza, kwa sababu huanguka kwa kimo chote cha mbebaji na wakati mwingine uzito wa mbebaji humwangukia. Kwa hiyo “ameanguka ngazini” si kisa kimoja bali ni visa viwili, na asiyeuliza mtoto alikuwa mikononi mwa nani hajauliza kitu.

Sasa nieleze kosa langu. Ni miaka mingi iliyopita, katika kituo ambacho sitakitaja. Alikuja mama na mtoto wa wiki 10 anayetapika. Hakuwa na homa, hakuwa akiharisha. Nyumbani walisema ni mchango, kisha nyanya yake akasema ni zongo, yaani maradhi ya jicho baya, na walikuwa wamekwisha kwenda kwa mtu wa kumzongoa. Nilipomfunua nimpime uzito niliona alama ya kuvilia damu kwenye ncha ya juu ya sikio la kushoto, ndogo kama punje ya mbaazi, na nyingine hafifu nyuma ya sikio hilo hilo. Nilimuuliza mama, akasema labda amelilalia. Nikaona ni jibu. Niliandika “anatapika, hana homa”, akapewa maji ya chumvi na sukari, akarudi nyumbani. Alama ya sikio sikuiandika kabisa.

Baada ya siku 9 aliletwa usiku. “Ana dege,” nyanya yake alisema, na kweli alikuwa akirusha mkono mmoja na mguu mmoja, utosi umejaa, rangi imemtoka, anasahau kupumua mpaka tumguse. Alivushwa kwa boti hadi Mokowe, ng’ambo ya bara, na kutoka hapo kwa gari hadi Mombasa. Picha za huko zilionyesha damu nyembamba iliyotandaa juu ya ubongo pande zote mbili na katika mfereji ulio baina ya nusu mbili za ubongo. Daktari wa macho alipompanua mboni aliona madoa ya damu yasiyohesabika, katika tabaka zote za retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hadi pembeni kabisa. Na eksirei za mwili mzima zilionyesha mbavu mbili zilizokuwa zimeanza kuunga, karibu na uti wa mgongo. Mbavu za mtoto mchanga hazivunjiki mahali pale kwa kuanguka kitandani. Huvunjika pale kifua kinapokamatwa kwa viganja viwili na kubanwa kwa nguvu. Na kwa kuwa zilikuwa zimeanza kuunga, zilikuwa zimevunjika kabla ya usiku ule. Huenda zilikuwa zimevunjika tayari siku ile nilipokuwa nimemshika mimi kwenye mizani. Mtoto yule aliishi, lakini haoni.

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walizipitia rekodi za watoto 173 walioumizwa kichwa kwa makusudi na wakakuta kwamba 54 kati yao, karibu thuluthi, walikuwa wamekwisha kuonwa na daktari baada ya kuumizwa bila ya jambo lenyewe kutambuliwa. Wengi walirudishwa nyumbani kwa jina la ugonjwa wa tumbo, mafua au kutapika tu. Niliposoma hayo sikupata faraja. Niliposoma utafiti mwingine wa mwaka huo huo, uliowahesabia alama watoto wazima waliokwenda kliniki kwa ukaguzi wa kawaida, nilielewa ni nini hasa nilichokiona nisikione. Kati ya watoto 366 walio chini ya miezi 6, ni 2 tu waliokuwa na alama ya kuvilia damu. Miongoni mwa waliokwisha kuanza kutembea, zaidi ya nusu walikuwa nazo. Mtoto asiyeweza kujisogeza hawezi kujigonga. Tangu mwaka 2010 kuna kanuni rahisi ambayo kila muuguzi anaweza kuibeba kichwani: kwa mtoto wa chini ya miaka 4, alama ya kuvilia damu kwenye kiwiliwili, masikio au shingo inataka maelezo; na kwa mtoto wa chini ya miezi 4, alama yoyote, mahali popote, inataka maelezo. Sikio hasa. Mtoto akianguka, mabega na kipara cha fuvu hulikinga sikio. Mkono unaopiga au kuvuta haukingwi na kitu.

Inasaidia kujua kwa nini majeraha ya namna hizi mbili hutofautiana. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa ni takriban robo ya urefu wake, shingo yake haina nguvu ya kukizuia, na ubongo wake ni laini, wenye maji mengi kuliko wa mtu mzima. Akianguka chali sakafuni, nguvu huja kwa mstari na kuishia mahali pamoja: ngozi huvimba pale, mfupa hupasuka pale, na kama kuna damu ndani, mara nyingi huwa chini ya pale. Akishikwa na kutikiswa, au akitupwa kwa nguvu juu ya kitu, hata kama ni godoro lisiloacha alama nje, kichwa huzunguka kwa kasi na ubongo hubaki nyuma ya fuvu. Vijishipa vinavyovuka kutoka juu ya ubongo kwenda kwenye mfereji mkuu wa damu hukatika, damu ikatandaa kama utando mwembamba sehemu nyingi kwa pamoja. Mahali ubongo unapoungana na uti wa mgongo hujeruhiwa, mtoto akaacha kupumua kwa muda, na ukosefu wa hewa huo ndio unaoufanya ubongo uvimbe. Hivyo wodini hatuulizi tu kama kuna damu. Tunauliza iko wapi, ni nyembamba au nene, mahali pamoja au pengi, na je, mtoto alilia mara moja au alilegea mara moja.

Elimu hii ina historia, na historia yenyewe ina funzo la unyenyekevu. Mwaka 1946 John Caffey, daktari wa picha wa Marekani, aliwaeleza watoto 6 waliokuwa na damu ya muda mrefu chini ya utando wa ubongo pamoja na mifupa iliyovunjika bila maelezo. Mwaka 1962 Henry Kempe na wenzake waliandika wazi kwamba watoto hao wanapigwa na walezi wao, jambo ambalo madaktari wengi hawakutaka kulitamka. Mwaka 1971 Norman Guthkelch, mpasuaji wa ubongo huko Uingereza, alipendekeza kwamba kutikiswa peke yake kunaweza kuleta damu hiyo bila kichwa kugongwa. Miaka iliyofuata madaktari na mahakama walizoea kutegemea dalili tatu: damu chini ya utando wa ubongo, damu katika retina, na ubongo uliovimba. Zikiwapo tatu, watu wengine walisema basi, ametikiswa, na aliyekuwa naye mwisho ndiye aliyemtikisa. Guthkelch mwenyewe, akiwa amezeeka sana, alisema hadharani kwamba anahuzunishwa na namna wazo lake linavyotumiwa kuwafunga watu bila magonjwa mengine kuchunguzwa. Mwaka 2009 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwashauri wanachama wake waache jina la “kutikiswa” na waseme jeraha la kichwa la kuumizwa, kwa kuwa namna ya kuumiza si moja. Mwaka 2016 taasisi ya serikali ya Sweden inayopima ushahidi wa tiba ilisema kuwa ushahidi wa kuzitegemea dalili tatu peke yake ni mdogo; mwaka 2018 vyama kadhaa vya madaktari wa watoto na wa picha vilitoa tamko la pamoja kwamba jeraha hili ni la kweli na kwamba daktari makini hategemei dalili tatu tu.

Mimi naona pande hizo mbili hazipingani kama watu wanavyodhani. Zote zinasema usikate neno kwa dalili moja wala kwa tatu zinazotokana na mzizi mmoja. Watafiti wa Wales walizikusanya taarifa za zaidi ya watoto 1,000 wenye jeraha ndani ya fuvu na mwaka 2011 wakaonyesha kwamba kinachozidisha uhakika ni mkusanyiko: damu katika retina, mbavu zilizovunjika, mifupa mirefu iliyovunjika, kuacha kupumua, kifafa, na alama za kuvilia damu kichwani au shingoni. Zikikutana tatu au zaidi kati ya hizo sita, uwezekano kwamba mtoto ameumizwa unazidi asilimia 85. Ni uwezekano mkubwa. Nao bado si jina la mtu.

Na yapo magonjwa yanayoiga. Hili kwetu visiwani halikubali kupitwa haraka. Mtoto wa wiki 5 kutoka kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate aliletwa akiwa amelegea, utosi umejaa, picha inaonyesha damu ndani ya kichwa. Baba yake, mvuvi, ndiye aliyekuwa naye asubuhi ile mama alipokwenda kisimani, na watu wawili walikuwa wamekwisha kusema kwamba ni mtu wa hasira. Kitovu cha mtoto kilikuwa bado kinachuruzika damu. Tulipomtoboa kisigino kwa kipimo, damu haikukatika. Pamba ilijaa, nyingine ikajaa. Alikuwa amezaliwa nyumbani kwa mkunga na hakupata sindano ya vitamini K ambayo mtoto anayezaliwa hospitalini hupewa siku ya kwanza. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini K kidogo sana, na mtoto anayenyonya tu bila kupata sindano ile anaweza kutokwa na damu kuanzia wiki ya pili hadi mwezi wa sita, na mara nyingi damu hiyo hutokea ndani ya kichwa. Alipewa vitamini K na damu ikaanza kukatika baada ya saa chache. Baba yake alikuwa amekaa chini ya mwembe nje ya wodi tangu alfajiri, hasemi na mtu. Kama tungeanza na hasira zake badala ya kitovu cha mwanawe, sijui tungekuwa tumefanya nini.

Yapo mengine: hemofilia, ugonjwa wa kurithi wa damu isiyoganda, udhaifu wa mifupa wa kurithi, na ugonjwa adimu wa kurithi ambao tindikali ya glutariki hujikusanya mwilini na kuleta damu chini ya utando wa ubongo. Malaria iliyopanda kichwani nayo huacha madoa ya damu katika retina, mengi yakiwa na weupe katikati, na ina alama zake nyingine ambazo daktari wa macho aliyefunzwa huzitambua. Hata kuzaliwa kwenyewe huacha alama. Watoto wengi waliozaliwa kwa njia ya kawaida, na zaidi wale waliovutwa kwa kifaa cha kufyonza, huwa na madoa ya damu katika retina ambayo kwa kawaida huondoka katika wiki chache za mwanzo, na baadhi huwa na damu nyembamba chini ya utando wa ubongo inayonyonywa katika miezi ya mwanzo bila wao kuugua.

Kwa hiyo mtoto anapofika sasa, namvua nguo zote, pamoja na hirizi na uzi wa mkononi, kwa ruhusa na kwa heshima, kisha nazirudisha. Natazama nyuma ya masikio, chini ya kidevu, mikunjo ya shingo, ndani ya mdomo hasa ule uzi mwembamba unaounganisha mdomo wa juu na ufizi, ambao hukatika chupa au kidole kinaposukumwa kwa nguvu. Napima mzingo wa kichwa na kuulinganisha na kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, kwani kichwa kinachokua haraka kuliko mstari wake huenda kina damu ya muda mrefu. Naandika maneno ya mlezi kama alivyoyasema, na saa aliyoyasema. Eksirei za mwili mzima hurudiwa baada ya wiki 2 hivi, kwa sababu ubavu uliovunjika jana huenda usionekane leo. Na kisa naomba nisimuliwe na kila mlezi peke yake, bila kumkatiza. Kisa cha kweli huwa na mambo yasiyo na faida kwa msimulizi. Kinachonitia shaka si machozi wala ukosefu wa machozi, bali kisa kinachobadilika kila jeraha jipya linapoonekana, au kinachompa mtoto wa miezi 2 uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja, au kutokuwapo kwa kisa chochote mbele ya jeraha kubwa.

Ni hapa ndipo sitara yetu inapotuweka njia panda. Tumelelewa kwamba aibu ya nyumba haitolewi nje, na katika mambo mengi malezi hayo yametuhifadhi. Lakini nimeona wazee wakikaa, wakasuluhisha, wakampa mama wa mtoto kitambaa na maneno mazuri, na mtoto akarudi chumba kile kile. Katiba ya Kenya ya 2010 katika kifungu cha 53, na Sheria ya Watoto ya 2022, zinampa mtoto haki ya kulindwa dhidi ya ukatili, na haki hiyo si ya ukoo kuisamehe kwa niaba yake. Afisa wa watoto yupo, polisi wanayo fomu ya P3, ya taarifa ya majeraha, ambayo daktari huijaza, na simu ya 116 hupigwa bila malipo. Kuripoti shaka si kumhukumu mtu. Yule msichana wa kazi anayesemwa mtaani, kama hana kosa, hakuna kitakachomtetea vizuri kuliko uchunguzi kamili: mtoto aliyemponyoka mtu akiwa na sabuni mwilini atakuwa na alama za kuponyoka, na mwili wake utasema hivyo.

Jambo moja zaidi limenishughulisha tangu ile shughuli ya juma lililopita. Kilio cha mtoto mchanga huanza kuzidi akiwa na wiki 2 hivi, hufika kileleni karibu na wiki ya 6, na hupungua baada ya mwezi wa tatu au wa nne. Hulia bila sababu tunayoiona, hasa jioni, na habembelezeki. Umri ambao watoto wengi zaidi huumizwa kichwa hufuata kilele hicho, kwa wiki chache. Sasa hesabu siku zetu. Mzazi hukaa ndani arubaini: mama yake au shangazi yuko naye, anakandwa, anapikiwa, mtoto anachukuliwa mikononi mwake kila anapochoka. Siku ya 40 tunasoma dua, tunakula, tunatawanyika, na yule bibi aliyekuwa akiamka usiku anarudi kwake. Ni siku 2 tu kabla ya wiki 6 kutimia. Tunamwachia mtoto wake wakati ule ule kilio kinapofika kileleni. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, lakini msaada wetu tumeupanga kana kwamba kazi imekwisha. Na wapo wasiokuwa na arubaini yoyote: wake wa wafanyakazi kutoka bara, wapangaji wa chumba kimoja, ambao mume huondoka alfajiri na kurudi usiku.

Wiki ya 6 ndiyo pia wiki ya chanjo, na mtoto hupita mikononi mwetu bila sisi kumtafuta. Siku hizi, kabla ya sindano, namuuliza kila mama: analia saa ngapi, na saa hizo nani yuko naye? Namwambia, na nikimpata baba namwambia zaidi, kwamba mtoto aliyeshiba, aliyebadilishwa nguo na asiye na homa anaweza kulazwa chali mkekani, mlango ukarudishwa, na mtu akakaa uani dakika 10 mpaka mikono iache kutetemeka. Kilio hakimuui mtoto. Jumanne mama mmoja kijana alinyamaza kidogo nilipomuuliza, akautazama mlango, kisha akasema, “Kuanzia magharibi, sista, na niko peke yangu.” Nilimvua mtoto nguo, nikamtazama kila mahali, alikuwa safi. Tukakifungua kitabu cha kliniki ukurasa wa mwisho, tukaandika jina la jirani yake wa chini na namba yake ya simu, na nikampigia yule jirani pale pale.